Daftari la Marehemu Baba



Wasomaji wetu wapenzi, hasa nyinyi akina mama na dada zetu, wiki hii tumeomba nafasi ya kusimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu. Si jambo la ajabu. Huenda limo katika nyumba zenu pia, nanyi hamjalijua, kama sisi tulivyokuwa hatulijui mpaka siku ya msiba.

Sisi ni mabinti watatu wa mfanyabiashara wa vyakula vya jumla. Asili yetu ni Lamu, lakini tumezaliwa na kukulia Embu, chini ya Mlima Kenya, ambako baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alihamia akiwa kijana kutafuta riziki. Mnapopika pilau ya pishori huko pwani, fahamuni kwamba mpunga wake mara nyingi umelimwa Mwea, mwendo mfupi kutoka Embu. Na pojo mnazozitia nazi mwezi wa Ramadhani, ambazo watu wa bara huziita ndengu, baadhi yake hutoka katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka. Kati ya shamba na chungu pana mtu wa katikati, anunuaye magunia na kuuzia wenye maduka. Baba alikuwa mmoja wa watu hao.

Kwa mbali biashara hii huonekana ya matajiri. Mtu akiingia akaona sukari imepangwa mpaka darini, marobota ya unga, katoni za mafuta na mahamali wakipishana mlangoni, husema moyoni kwamba mwenye duka hili hana shida. Ukweli ni kwamba duka la jumla huishi kwa faida nyembamba mno. Gunia la sukari la kilo 50 humwachia mwenye duka shilingi chache tu. Kinachomlisha ni wepesi wa mali kugeuka: liuzwe leo, pesa yake inunue jingine kesho, nalo liuzwe tena. Gunia moja likigeuka mara nne kwa mwezi, faida ndogo imezidishwa mara nne. Lakini likitolewa kwa deni la mwezi mzima, limeuzwa mara moja tu, na hata hiyo mara moja bado haijathibiti.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Mwenye duka la jumla naye ni mdaiwa. Viwanda vya unga na wasambazaji wakubwa humpa mali kwa ahadi ya kulipa baada ya wiki mbili au mwezi. Basi yeye ni kama ukuta kati ya vyumba viwili: upande mmoja anadaiwa, upande wa pili anadai. Upande mmoja ukichelewa, ukuta ndio unaopasuka. Wala mkasa huu si wa wadogo peke yao. Nakumatt, lililokuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya Kenya, lilipoporomoka mwaka 2017 liliwaacha wasambazaji wake wakidai mabilioni ya shilingi.

Kwa sababu hiyo baba alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuitaja: lipa, ubebe. Wateja wake wa Embu wengi walikuwa wanawake wenye vibanda huko Runyenjes, Siakago na Kiritiri. Walifika asubuhi na mapema kwa matatu, pesa zimefungwa katika pindo la leso, wakanunua robota moja la unga, katoni ya mafuta na nusu gunia la sukari, hamali akawapakilia, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Huko kwao waliuza unga kwa pakiti, mafuta kwa vipimo vidogo na maharage kwa gorogoro. Tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2007, wengi waliacha hata kubeba pesa mkononi. Hakukuwa na deni, wala hakukuwa na ugomvi.

Baadaye baba alifungua duka la pili mjini Meru, ukipita Chuka na Nkubu. Huko wateja walikuwa wa namna nyingine. Wengi walitoka Maua na Laare, katika milima ya Nyambene, ambako pesa ya watu ni miraa. Hatukuja hapa kuzungumza juu ya miraa kwa ubaya wala kwa uzuri wake. Tunasema tu kwamba jani lile huchumwa leo likauzwa leo, kwa hiyo pesa yake huzunguka kila siku, na maduka ya Maua yalikuwa yakilipa vizuri kuliko hata ya Embu. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014 baba alitikisika kidogo, lakini soko la Somalia lilibaki na mambo yakaendelea.

Kisha ukaja Machi 2020. Korona iliingia Kenya, Somalia ikazuia ndege za miraa, na kafyu ikaanza. Katika muda wa wiki chache wenye maduka wa Maua wakawa na wateja wasio na pesa. Walimjia baba. Hawa hawakuwa wageni, walikuwa watu aliofanya nao biashara miaka mingi na waliomfikia katika arusi na misiba. Walimwambia, "Mzee, tuandikie, miraa ikirudi tutalipa." Baba akaandika. Alidhani ni jambo la mwezi mmoja au miwili. Soko la Somalia halikufunguliwa tena mpaka Julai 2022, naye hakuiona siku hiyo.

Baba alifariki mwezi wa Rajab 1442, yaani Februari 2021, kwa maradhi ya siku chache. Kabla ya kusaliwa, mjomba wetu alisimama mbele ya jeneza, kama ilivyo desturi, akasema: anayemdai marehemu ajitokeze kwetu, na anayedaiwa naye amche Mwenyezi Mungu. Sisi tulikuwa nyumbani na mama. Tulipohadithiwa maneno hayo tulitazamana. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu mmoja aliyejua baba anadai nani, wala anadaiwa na nani. Miaka yote tuliivaa na kuila biashara ile, lakini hatukuijua.

Siku ya nne karani wa dukani alituletea mfuko wenye stakabadhi, na daftari moja nene lenye jalada jeusi. Alisema kwa haya, "Dada zangu, risiti hizi nazielewa. Lakini daftari hili la mzee sikuwahi kuliweza." Tulilifungua. Baba alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na wazee wake Lamu. Karani ni kijana wa Kimeru aliyesoma mpaka chuo kikuu, naye hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Sisi wenyewe tunasoma Qur'ani, alhamdulillah, lakini mwandiko wa haraka wa mtu wa dukani, usio na irabu, ulitushinda. Tulikaa tukilipindua daftari lile kama vipofu.

Mama alikuwa ndani katika eda. Skuli hakuvuka darasa la nne, na katika maisha yake yote ya ndoa hakuna aliyemuuliza jambo la biashara. Alituomba daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mtu asomaye barua ya mumewe aliye safarini. Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kwa miezi minne na siku kumi mama hakutoka kwenda dukani, lakini duka lilikuja kwake. Kila usiku, baada ya isha, yeye alisoma nasi tukaandika katika daftari jipya: jina, tarehe, mali, kiasi. Ramadhani ilitukuta katika kazi hiyo, tukaifanya baada ya tarawehe. Hatukujua kabla ya hapo kwamba mama anawafahamu wateja wengi wa baba. Alipofika katika jina husema, "Huyu mkewe alijifungua mapacha," au "Huyu ndiye aliyetuletea ndizi mwaka ule." Baba alikuwa akimhadithia habari za watu, asimhadithie hesabu zao. Laiti angemhadithia vyote viwili.

Tulipomaliza, hesabu ilikuwa hivi. Wasambazaji na viwanda walikuwa wakimdai baba shilingi 870,000. Wateja wa Meru na Maua walikuwa wakidaiwa shilingi 1,150,000. Kwa karatasi, tulikuwa na ziada. Kwa mkono, tulikuwa na deni lililoiva, na madai kwa watu ambao nao hawakuwa na kitu.

Sote tunajua utaratibu wa sheria yetu: baada ya gharama za mazishi ni madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo urithi. Tumefundishwa pia kwamba roho ya muumini hubaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Ni rahisi kuyasikia maneno hayo darasani. Ni jambo jingine ukiambiwa ulifunge duka ili yatimie. Shangazi zetu walishauri tuwaombe wasambazaji wasubiri, biashara iendelee. Mama alikataa. Duka la Meru lilifungwa mwezi wa Shaaban, mali yote ikauzwa kwa bei ya hasara kwa wafanyabiashara wengine wa mji, na wasambazaji wakalipwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa stakabadhi yake. Vijana watano walipoteza kazi siku ile. Tulilia pamoja nao mlangoni, na hatutasema kwamba lilikuwa jambo jepesi.

Lakini habari tunayotaka sana kuisimulia ni ya mstari mmoja karibu na mwisho wa daftari. Baba alikuwa ameandika, siku chache kabla ya kuugua, kwamba amepokea magunia sita ya pojo kutoka kwa mama mmoja wa Ishiara, thamani yake shilingi 48,000, na kwamba hajalipa. Hapakuwa na stakabadhi. Karani alikumbuka magunia yalivyoingia, asikumbuke yametoka kwa nani. Mama yule hakuja msibani wala hakutuma mtu, kwani hakujua kwamba mnunuzi wake amekufa. Katika dunia nzima, ushahidi wa haki yake ulikuwa mstari ule mmoja, kwa herufi ambazo yeye mwenyewe asingeweza kuzisoma.

Shetani hakukosa kuja. Wakati huo nyumba ilikuwa na uzito wa pesa, na kodi ya skuli ya mdogo wetu ilikuwa haijalipwa. Mmoja wetu, na hatutataja ni yupi, alisema, "Huyu hata hajadai." Mama aliinua uso, akasema, "Ndiyo maana tumwahi."

Tulifuatana na mjomba mpaka Ishiara. Ukishuka kutoka Embu kuelekea huko, baridi ya mlima hukuacha njiani, mashamba ya chai na kahawa hubaki nyuma, na nchi huwa ya joto, miiba na udongo mwekundu. Huko watu hutegemea zaidi mvua za vuli, na pojo zao huvunwa kati ya Januari na Februari. Tuliuliza sokoni kwa jina, tukaelekezwa. Tulimkuta mama wa makamo akipepeta mtama uani. Tulipojitambulisha aliweka ungo chini, akatuangalia kwa muda, akasema, "Wanangu, nimempigia mzee simu mpaka nikachoka. Nikasema, hata huyu naye?" Tulimweleza. Alijifunika uso kwa leso yake. Kisha akasema kwamba pesa zile ndizo zilizokuwa za karo ya kijana wake, na kwamba mwanawe alikuwa nyumbani tangu muhula ulipoanza. Tukamhesabia shilingi 48,000. Akazihesabu, akatuombea dua kwa dini yake, nasi tukaitikia kwa yetu. Mpaka leo pojo zetu za Embu hutoka kwake na kwa majirani zake, nasi humlipa palepale kwenye mizani.

Yamebaki madai yetu kwa watu wa Maua. Wengine walianza kulipa kidogo kidogo wenyewe, na miraa iliporudi Somalia mwaka 2022 wakaja zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka ule tulikuwa tumepokea kama shilingi 600,000. Wengine walihama, hatujui waliko. Na wako kumi na wawili ambao tuliwatembelea tukaona kwa macho yetu kwamba duka limekufa na mtu hana kitu. Jumla ya deni lao ilikuwa shilingi 180,000. Mama alitaka kuwasamehe.

Hapa tulijifunza jambo ambalo twaomba mlishike. Pesa anazodai marehemu ni mali ya warithi, na hakuna mrithi awezaye kusamehe fungu la mwenziwe. Mama alikuwa na thumuni yake, shilingi 22,500, akaisamehe. Kila mmoja wetu alikuwa na shilingi 31,500, tukazisamehe. Lakini mdogo wetu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mmoja, na fungu lake lilikuwa shilingi 63,000. Yeye hakuwa na uwezo wa kusamehe, na sisi hatukuwa na haki ya kumsamehea. Sheikh tuliyemuuliza alituambia wazi kwamba huruma hailipiwi kwa mali ya yatima. Basi tulichangishana sisi watatu kwa muda wa mwaka na nusu, tukaziweka shilingi 63,000 katika akaunti yake, ndipo tukawaambia wale kumi na wawili kwamba hawadaiwi tena. Mmoja wao alituletea jogoo.

Leo duka la Embu bado lipo. Ni dogo kuliko lilivyokuwa, nasi ndio tunaoliendesha kwa zamu. Tumerudi katika kanuni ya baba ya lipa, ubebe. Wako wanaotuona wagumu. Mwanamke wa kibanda akituambia mtoto mgonjwa, hatumwandikii sukari. Tunampa tulichonacho kama sadaka, tukamalizana, kwa sababu tumeona jinsi deni la huruma lisilo na mpango linavyoweza kumwangusha anayetoa na anayepewa pamoja. Na pale inapolazimu kukopeshana, huandikwa nakala mbili, kwa herufi ambazo pande zote mbili zaweza kuzisoma, mbele ya mashahidi, na siku ya kulipa hutajwa. Halikuwa jipya jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tulikuwa tukiisoma kila Ramadhani na kuipita.

Baba hakuwa mzembe. Aliandika kila kitu, senti kwa senti, na Mwenyezi Mungu amlipe kwa uaminifu huo. Kilichokosekana ni kwamba hakuna mwingine aliyejua kusoma alichokiandika, ila mke ambaye hakuwahi kuonyeshwa. Lau mama naye angekuwa ametangulia, mama wa Ishiara angedhulumiwa na marehemu asiyetaka kumdhulumu, na watoto wasiojua kwamba wanadhulumu.

Kwa hiyo, dada zetu, hatuwaombi muwachunguze waume zenu kama mapolisi. Twawaomba, usiku mmoja wa wiki hii, watoto wakisha kulala, mkae na mume au baba mzazi, mumuulize kwa adabu: tunadaiwa na nani, tunamdai nani, na imeandikwa wapi? Awe na duka la jumla, awe na kibanda cha samaki, awe mwajiriwa wa bandarini mwenye mkopo wa benki, swali ni lilelile. Nanyi waume zetu, msilione swali hilo kuwa ni kukutakieni mauti. Ni mtu anayekupendeni na asiyetaka mlale kaburini mkiwa mmefungwa kwa haki ya mtu asiyejulikana.

Mama bado analo lile daftari jeusi. Madeni yote ndani yake yamepigwa mstari, ama kwa kulipwa, ama kwa kusamehewa, isipokuwa machache ya waliohama. Hayo ameyaacha wazi. Husema huenda wakarudi, na wakirudi wakute majina yao hayajapotea.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wazazi wenu waliotangulia, atulipie madeni yetu tukiwa hai, na atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.